Mgonjwa wa akili naye hukohoa: mwongozo kamili wa kumkinga ndugu yako na maradhi ya kuambukiza, kwa familia za Tanga

Familia nyingi za hapa Tanga zinazouguza mtu mwenye maradhi ya akili huangalia kichwa tu. Amelala? Amepiga kelele? Amemeza dawa? Basi, siku imekwisha. Kikohozi cha wiki tatu kinaachwa kipite, kidonda cha kisigino kinaachwa kipite, na homa ya usiku inaitwa "yale mambo yake yameanza tena". Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao, na vingi vya vifo hivyo hutokana na maradhi ya mwili yanayozuilika, ya kuambukiza yakiwamo. Tunasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mgonjwa wetu mara nyingi hafichi kitu. Hajaulizwa.

Naandika kama mlezi, si kama daktari. Mdogo wangu ana skizofrenia, tunaishi naye Ngamiani. Dozi utapewa na daktari. Hapa utapata cha kuangalia, cha kuuliza, na lini usisubiri kuche.

Kwanza ujue hatari inaingilia wapi

Maradhi ya akili yenyewe hayabebi vijidudu. Kinachomponza ni maisha yanayoyazunguka. Wengi wao huvuta sana sigara, na moshi hufungulia TB mlango. Baadhi ya dawa, hasa olanzapini, hunenepesha na kupandisha sukari, na mwenye kisukari hupata TB upesi kuliko asiye nacho. Dawa zinazolegeza mwili humfanya apaliwe, chakula kikaingia mapafuni, nimonia ikafuata. Ongeza msongamano: wodi, mahabusu, kibanda cha mganga ambamo wagonjwa wanalala mikeka imegusana. Mwanamke anayetangatanga usiku anabakwa, na watu wanalijua hilo wakanyamaza. Juu ya yote hayo, akisema kifua kinambana, anayemsikiliza anatazama faili la kliniki ya akili na kuhesabu maneno hayo kuwa sehemu ya ugonjwa.

Hatua ya 1: Nunua daftari

Daftari la shule linatosha. Ukurasa wa kwanza andika majina ya dawa zote anazotumia, kama yalivyo kwenye pakiti: haloperidoli, kabamazepini, atani (ile ya kuzuia kukakamaa), sindano ya mwezi, chochote kile. Andika na dawa za mitishamba. Ukurasa wa pili andika uzito wake kila mwezi. Mizani ipo zahanati, na mtu wa zahanati hakatai kukupimia. Kurasa zinazofuata ni za tarehe na jambo lililoonekana: "kikohozi kimeanza", "amekataa kula", "jasho usiku, shuka imelowa".

Daftari hili ndilo litakalosema kwa niaba ya mgonjwa asiyeweza kujieleza, au anayejieleza asiaminiwe. Daktari wa zamu anayekutana naye kwa mara ya kwanza hana muda wa kusikiliza hadithi, ila tarehe tatu na uzito ulioshuka kilo nne atazisoma.

Hatua ya 2: Mkague siku ya kuoga

Mtu aliyeelemewa na skizofrenia au sonona hatakwambia ana upele. Mkague mara moja kwa wiki, na akague mtu wa jinsia yake: kaka kwa kaka, mama au shangazi kwa binti. Anza na mikono. Fungua vidole ukatazame katikati yake, kisha viwiko, kwapa, mkanda wa kiuno. Vipele vidogo vinavyowasha zaidi usiku katika sehemu hizo ni upele wa kuambukiza, na dawa yake ya kupaka, ile BBE, hupakwa watu wote wa nyumba siku moja, kuanzia shingoni kwenda chini, la sivyo mtauzungusha nyumba nzima. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto zianikwe juani.

Shuka miguuni. Angalia nyufa za kisigino, funza, fangasi kati ya vidole. Kwa pwani yetu angalia pia mguu uliovimba upande mmoja: matende yapo kwetu, na mguu wenye matende usipooshwa kwa sabuni na kukaushwa vizuri kila siku huingiwa na vijidudu, homa ikapanda, mtu akaanza kuweweseka.

Kama aliwahi kufungwa kamba au mnyororo, tazama vifundo vya mikono na miguu. Sitazunguka katika hili: kumfunga mtu si tiba. Lakini kama ameshafungwa na ana kidonda, kioshe kwa maji na sabuni leo hii, halafu umpeleke akasafishwe na kuchomwa sindano ya pepopunda.

Hatua ya 3: Kikohozi

Dalili za kukufanya utoke nyumbani ni kukohoa wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho jingi usiku, na kukonda bila sababu. Moja tu kati ya hizo inatosha kwenda kupima. Usingoje damu. Kupima TB na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali, na kwa Tanga mjini huna haja ya kuanzia Bombo, hospitali ya mkoa. Vituo vya afya kama Makorora, Ngamiani au Pongwe vitakupokea au kukuelekeza.

Tatizo la mgonjwa wetu ni kutoa makohozi. Anapewa kopo, anageuka pembeni, anatema mate, analirudisha. Kipimo kinasoma "hakuna TB", mnarudi nyumbani na TB yenu. Fanyeni hivi: asubuhi kabla hajala, asukutue kwa maji matupu. Mtoke naye nje penye upepo, wewe usimame kando yake na si mbele yake. Avute pumzi ndefu, aishike kidogo, aitoe, arudie, mara ya tatu akohoe kutoka ndani kabisa ya kifua. Kinachotakiwa ni kizito na chenye kunata. Kama anaogopa kopo (wapo wanaoamini linakwenda kutumika kuwaroga), funika shaka yake kwa ukweli: andika jina mbele yake, mwache afunge kifuniko mwenyewe, mwende pamoja mpaka dirisha la maabara.

Akikutwa na TB, watu wote wa nyumba wachunguzwe, watoto wadogo kabla ya wakubwa. Chumba anacholala kifunguliwe madirisha mchana na usiku. Dawa ni za miezi 6, na miezi 2 ya mwanzo aina za dawa ni nyingi zaidi. Baada ya wiki kadhaa za dawa sahihi, uambukizaji hushuka sana, kwa hiyo msimtengee sahani mwaka mzima kama wafanyavyo wengine. TB haikai kwenye sahani.

Jambo moja mwambieni kabla ya kidonge cha kwanza: rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa au mwekundu, na jasho na machozi vilevile. Mtu wa kawaida anashtuka. Mtu ambaye tayari anaamini mnamwekea sumu ataona ushahidi umepatikana, na dawa zitaishia shimoni mwa choo. Mdogo wangu aliambiwa na sista wa kliniki ya TB siku ileile ya kwanza, kwa utulivu: "Kesho mkojo wako utakuwa kama juisi ya karoti, ukiwa hivyo ujue dawa inafanya kazi." Kesho yake akatuita uani, akatuonyesha kwa fahari.

Hatua ya 4: Dawa mbili zinapokutana tumboni

Hapa ndipo panapoharibika kwa wengi, nami nitakaa kidogo.

Rifampisini hulifanya ini lichakate dawa nyingine upesi. Haloperidoli, risperidoni na nyingi za aina yao hupungua nguvu damuni. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa aliyetulia miaka miwili, anayemeza kila kidonge mbele yako, anaanza kusikia sauti wiki chache baada ya kuanza dawa za TB. Nyumbani panasemwa mengi: amerogwa upya, majini yamekasirishwa na sindano, hizi dawa zimegombana tuache moja. Usiache hata moja. Rudi kliniki ya akili na daftari, sema: "Ameanza dawa za TB tarehe fulani, dalili zimerudi tarehe fulani." Daktari ataangalia kama dozi ipandishwe. Na kuna upande wa pili ambao watu huusahau: dawa za TB zikiisha, nguvu ya dawa za akili hurudi juu ndani ya wiki chache. Kama dozi ilipandishwa, lazima itazamwe tena, ama utamwona anakakamaa, anatoa udenda, anatembea kama roboti.

Isoniazidi, mwenzake na rifampisini, inaweza kuleta ganzi na kuungua miguuni. Ndiyo maana hutolewa pamoja na vitamini B6. Ukiona hajaandikiwa, uliza. Mara chache isoniazidi yenyewe huvuruga akili, hata kwa asiyekuwa na historia hiyo. Pia inaweza kupandisha kabamazepini mwilini. Mwenye kifafa au mwenye hali ya akili inayopanda na kushuka anayetumia kabamazepini akianza kuona vitu viwiliviwili na kuyumba kama mlevi, ni la kupeleka hospitali siku hiyohiyo.

Kwa wanaotumia dawa za VVU: dolutegraviri, iliyo katika kidonge kimoja cha siku ambacho wengi wanakijua, hupunguzwa nguvu na kabamazepini na pia na rifampisini. Zipo njia za kurekebisha, kwa kawaida kuongeza dozi ya dolutegraviri au kubadili dawa ya kifafa, lakini daktari wa CTC (kliniki ya VVU) atafanya hivyo akijua tu. Anayetumia dawa ya zamani ya efavirenzi akipata ndoto za kutisha au akaanza kuona vitu, aseme.

Methadoni nayo inaguswa. Kijana aliyeacha unga kwa methadoni akianzishiwa rifampisini bila kliniki ya methadoni kujua, arosto (mateso ya kukosa unga) itamrudia, na arosto ndiyo imrudishayo mtu kijiweni. Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, na sasa Tanga nayo ina kliniki yake. Wahudumu wa huko wanalijua jambo hili, ila hawawezi kulikisia.

Wachache wanaotumia lithiamu: diklofenaki na ibuprofeni za dukani zinaweza kuifikisha kwenye kiwango cha sumu. Wachache wanaotumia klozapini: homa au koo kuuma ni dharura, kwa sababu dawa hiyo inaweza kushusha chembe nyeupe za damu. Apimwe damu siku hiyo.

Kanuni ya nyumbani ni fupi. Dawa mpya isiingie mdomoni kabla aliyeiandika hajaona ukurasa wa kwanza wa daftari, na muuzaji wa duka la dawa naye ahesabiwe.

Hatua ya 5: Homa na kuchanganyikiwa kwa ghafla

Jifunze kutofautisha ugonjwa wake wa siku zote na kuweweseka kunakoletwa na maradhi ya mwili. Ugonjwa wake wa siku zote hurudi polepole, kwa siku na wiki: analala kidogo, anajitenga, anaanza kusema na watu usiowaona, lakini anajua yuko kwao na wewe ni nani. Kuweweseka huja kwa saa au siku moja mbili. Asubuhi nafuu, usiku hajui alipo. Anakodoa macho ukutani, anaokota vitu visivyokuwapo shukani, umemwita mara tatu hageuki.

Ukiona hivyo, hasa pamoja na homa, usianze kwa kuongeza dawa za usingizi wala kwa kuita mtu wa kupunga. Anza na kipimo cha malaria. Malaria ya kichwani, homa ya uti wa mgongo, nimonia, na kwa mzee hata maambukizi ya njia ya mkojo, vyote huja kwa sura hii. Shingo ikikaza na mwanga ukimuumiza macho, ni usiku huohuo, kodi bajaji. Kipimo kikisoma malaria, mweleze mhudumu kama anatumia kabamazepini au fenitoini, kwa sababu zinaweza kupunguza nguvu ya dawa mseto, na kama anatumia haloperidoli mtaje vilevile kwa ajili ya mapigo ya moyo.

Na kuna homa isiyo ya kuambukiza ambayo lazima uijue, kwa kuwa inafanana na malaria na huua. Anayetumia dawa za skizofrenia, hasa aliyeongezewa dozi karibuni, akapata homa kali, mwili ukakakamaa kama ubao, jasho likamtoka na akili zikapotea: simamisha dozi inayofuata, nenda hospitali kubwa mara moja, utaje jina la dawa mlangoni. Hapo ndipo pekee katika mwongozo huu ninapokwambia usimamishe dawa kabla ya kuonana na daktari.

Hatua ya 6: Kwa mganga na kwa shehe

Sitajifanya kwamba watu hawaendi. Wanaenda, tena wengi huanzia huko. Kama familia imeamua, ulinzi wa mwili uende naye.

Chale zikichanjwa, wembe uwe mpya, mmenunua wenyewe, umefunguliwa mbele yenu na kutupwa baada yake. Wembe mmoja ukipita kwa wagonjwa watano hubeba homa ya ini B na VVU, na homa ya ini B huambukiza kwa damu kidogo mno, hata iliyokauka. Kombe litengenezwe kwa maji yaliyochemshwa. Shehe mwenye busara hatakasirika ukimpelekea maji yako. Fukizo lisifanywe chumba kilichofungwa kwa mtu mwenye kikohozi. Na akilala huko, uliza mwenye kukohoa yuko mkeka gani.

Dawa za hospitali ziendelee. Ukiambiwa ziachwe kwanza ndipo tiba ishike, mchukue mtu wako urudi naye.

Hatua ya 7: VVU, homa ya ini na mambo yasiyosemwa mezani

Mtu mwenye maradhi ya akili ana tamaa za mwili, ana wapenzi, wengine wana ndoa. Familia hujifanya hazijui. Akiwa katika utulivu, zungumza naye kuhusu kondomu kama unavyozungumza na mtu mzima yeyote, na mpime VVU pamoja na kaswende. Ushauri na kupima vinahitaji ridhaa yake. Akiwa hajiwezi kabisa kuelewa, mlezi anashirikishwa kwa utaratibu wa kituo. Kaswende ichukuliwe kwa uzito wake: ikiachwa miaka mingi hupanda kichwani, ikamfanya mtu aonekane mgonjwa wa akili wakati tiba yake ni penisilini.

Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto wa Tanzania mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuipata kamwe. Apimwe, na akiwa hana maambukizi, achanjwe dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita.

Ikitokea amebakwa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na hutumiwa siku 28. Vidonge vya kuzuia mimba vina siku 5. Asioshwe kwanza, nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Nenda hospitali, huduma ianze kwanza, PF3 (fomu ya polisi) ifuate baadaye, si kinyume chake. Uliza kituo cha mkono kwa mkono, ambako huduma zote za aliyebakwa hutolewa mahali pamoja. Na ukiambiwa "huyo maneno yake hayaaminiki", jibu kwamba dawa za kinga hazisubiri hukumu.

Hatua ya 8: Kuhara, kingatiba na vyandarua

Akihara maji mengi, ORS mara moja. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Anayetumia lithiamu asikae na kuhara nyumbani, kwa sababu mwili ukikauka dawa hugeuka sumu. Vivyo hivyo joto la Februari: dawa nyingi za akili pamoja na atani huzuia jasho, mpe maji hata kama haombi.

Wagawa kingatiba ya matende na minyoo wakipita mtaani, msiseme "huyo mwacheni". Vyandarua vikihesabiwa, na yeye ni mtu. Chandarua chake kifungwe imara kitandani, maana usiku akihangaika hukikwanyua.

Hatua ya 9: Akienda mbali, au akiwa hana kwao

Akilazwa hospitali ya akili ya Lutindi, kule juu Korogwe, au akipelekwa ya Mirembe, Dodoma, apimwe TB kabla ya safari na matokeo yaende naye, kwa ajili yake na ya atakaolala nao wodi moja. Akirudi, mpime tena kama anakohoa. Anayehamia shamba Handeni katikati ya dawa za TB achukue fomu ya uhamisho kliniki, pamoja na dawa za siku za njiani.

Na yule wa Soko la Mgandini au stendi ya Kange ambaye hakuna anayejua kwao, anayeng'atwa na mbwa akakimbia: jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu apelekwe akachanjwe kichaa cha mbwa, hata kama amekataa mara ya kwanza. Anayeweza kufungua mlango wa hospitali kwa asiye na pesa wala ndugu ni afisa ustawi wa jamii. Wa kata anapatikana kupitia ofisi ya mtendaji, na hospitali kubwa zina wao. Nenda na mtu mmoja anayemjua mgonjwa kwa sura, hata awe muuza kahawa, ajulishe ameanza lini kukohoa na anapolala.